Printa mpya inayochagua programu

Printa ikigoma kabisa, ni kazi ngumu kujua uanzie wapi. Tatizo laweza kuwa kwenye umeme, waya, wino, karatasi au kompyuta yenyewe. Lakini printa inayochapa vizuri kutoka programu moja halafu ikagoma kwa nyingine imeshakusaidia sana. Wino unafika, vichwa vya kuchapia ni vizima, roli zinavuta karatasi. Mashine haina ugonjwa. Kilichobaki kuchunguzwa ni njia inayopita ile programu inayogomewa, tangu unapobofya kitufe cha kuchapa mpaka karatasi inapotoka.

Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakipoteza fedha hapo hapo. Wanairudisha printa dukani, dukani inachapa karatasi ya majaribio bila shida, wanarudi nayo nyumbani na tatizo lao. Wengine wanaambiwa wasafishe vichwa vya wino, wanasafisha tena na tena. Kila usafishaji unakula wino, na wino ule hautoki nje, unaingia kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Sponji ikijaa, printa inasimama na kudai matengenezo. Hapo ndipo mtu anakuwa ametengeneza ugonjwa wa kweli kwenye mashine iliyokuwa nzima.

Mfano ninaoujua vizuri ni printa ya dada yangu.

Dada ni mwalimu wa hisabati sekondari, Morogoro. Miaka yote alikuwa anaandika mitihani kwenye laptopu, anaiweka kwenye flashi na kwenda kuiprinti steshenari. Mwalimu yeyote anaijua hofu ya jambo hilo: faili linafunguliwa kwenye kompyuta ya watu, linabaki kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na anayekaa kwenye ile kompyuta saa moja baadaye huenda ni mwanafunzi wako. Kwa hiyo aliposema anataka printa ya nyumbani nilimuunga mkono kwa moyo wote. Tukanunua moja Kariakoo, ya zile za tangi, unazojaza wino wa chupa badala ya kununua katriji. Ikapanda basi. Kijana wa jirani akamfungia, akaiunganisha na laptopu kwa waya wa USB, baadaye akaiingiza kwenye Wi-Fi ya nyumbani ili isibanane mezani na daftari za wanafunzi.

Wiki haijaisha, simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, hii mashine yenu inachapa picha za WhatsApp tu. Mtihani haitaki."

Nikamwambia asizime kitu wala asifute kitu. Nilimwomba jambo moja: atume kazi ya kuchapa, halafu macho yake yawe kwenye printa, si kwenye kompyuta. Watu wengi hufanya kinyume. Kompyuta itakuambia kazi imetumwa hata kama haijafika popote. Printa haijui kusema uongo. Ama imepokea kitu ama haijapokea, na taa zake zinaonyesha.

Majibu yake yalikuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu ni mwalimu, amezoea kueleza alichokiona. Kutoka kwenye simu, picha zinatoka. Kutoka kwenye kivinjari cha kompyuta, fomu aliyoipakua mtandaoni imetoka. Mtihani ulioandikwa kwenye Word: printa inanguruma kidogo, kisha taa ya rangi ya machungwa inawaka na kuzima, karatasi haivutwi. Programu ya alama ya shule, ya zamani kidogo: printa kimya kabisa, hata taa haishtuki. Na muhtasari wa somo ulio katika PDF: kurasa zinatoka, ila palipo na alama za hisabati pana viboksi vitupu.

Hapo tayari tuna magonjwa matatu tofauti, ingawa yeye aliyaita "haitaki". Taa inapowaka, maana yake kazi imefika na printa ina sababu ya kuikataa. Printa inapokaa kimya, kazi imekwama ndani ya kompyuta au imetumwa kwingine. Karatasi inapotoka na maandishi mabovu, kazi imefika ila imeharibika wakati wa kutafsiriwa. Ukishajua uko kwenye hali ipi kati ya hizo, umeacha kubahatisha.

Nikapanda basi mwisho wa juma.

Nianze na mtihani, kwa sababu ndio uliokuwa na maana zaidi kwake, na kwa sababu chanzo chake kinawasumbua watu wengi Afrika Mashariki bila wao kujua. Nilifungua faili, nikaenda sehemu ya mpangilio wa ukurasa, nikaangalia ukubwa wa karatasi. Palikuwa pameandikwa Letter.

Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Ni kipimo kilichoanza Ujerumani mwaka 1922, kikawa cha kimataifa mwaka 1975, na karibu dunia nzima inakitumia. Marekani na Kanada wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279. Ukiziweka karatasi mbili hizi pamoja, Letter ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa 18. Kwa macho ukiwa na haraka huoni tofauti. Rimu ya Letter sijawahi kuiona kwenye duka la Morogoro wala la Dar es Salaam. Lakini laptopu nyingi zinazouzwa kwetu, mpya na zilizotumika, huwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani tangu mwanzo, na programu zikiona Marekani zinachukulia kwamba karatasi yako ni Letter. Faili la dada lilikuwa limeanzia kwa mwalimu mwenzake, likahamishwa kwa flashi mwaka hadi mwaka, kila mtihani mpya ukiandikwa juu ya ule wa zamani. Ule ukubwa wa karatasi ulisafiri nalo muda wote huo.

Kule steshenari halikuwa tatizo, kwa sababu mashine zao zimeshapangwa zichape chochote kwenye A4. Printa ya nyumbani iliulizwa siku ya kwanza trei ina karatasi gani, ikaambiwa A4. Sasa imeletewa kazi inayodai Letter. Ikasimama kusubiri mtu aweke Letter. Kwa kuwa ni printa ya bei ya chini isiyo na kioo cha maandishi, namna yake pekee ya kusema hayo ni ile taa ya machungwa. Kwenye printa nyingi za aina hii ukibonyeza kitufe cha kuendelea, kazi inachapwa hivyo hivyo. Dada hakukibonyeza, na sioni kwa nini mtu ategemewe kukijua.

Kwa nini basi kivinjari na simu vilichapa? Kwa sababu ukurasa wa mtandao hauna ukubwa wa karatasi ulioandikwa ndani yake. Kivinjari kinaangalia printa ina karatasi gani, kisha kinapanga maandishi yaenee humo. Simu nayo inafanya hivyo hivyo: inaiuliza printa moja kwa moja kupitia Wi-Fi, una karatasi gani, una rangi gani, halafu inaandaa picha kulingana na majibu. Faili la Word limebeba kipimo chake lenyewe na linakishikilia.

Word ina mpangilio wa kulainisha jambo hili. Ukiingia kwenye File, Options, Advanced, ukashuka mpaka sehemu ya kuchapa, utakuta kisanduku kinachosema "Scale content for A4 or 8.5 x 11" paper sizes". Kikiwa na tiki, programu inarekebisha kipimo yenyewe. Kwenye laptopu ya dada tiki ilikuwa imeondolewa, nani aliiondoa hatukujua. Niliirudisha, lakini sikutaka kutegemea hiyo peke yake. Tulibadilisha faili lenyewe kuwa A4, na hapo kukawa na kazi ya kukaa chini, kwa sababu mistari ilijipanga upya. Swali lenye mchoro wa pembetatu lilihamia ukurasa mwingine, mchoro ukabaki nyuma. Dada alikaa akaupitia mtihani mzima, akirudisha kila mchoro kwenye swali lake, huku mimi nikibadilisha eneo la kompyuta kutoka Marekani kwenda Tanzania na kuweka A4 kwenye mapendeleo ya printa. Mwisho, kwenye dirisha la mpangilio wa ukurasa, tukabofya "Set As Default" ili kila faili jipya lizaliwe likiwa A4.

Mtihani ukatoka. Taa ikabaki ya kijani.

Ile programu ya alama ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Printa kimya, tulishakubaliana, ni ishara kwamba kazi haijafika. Nikafungua orodha ya printa kwenye Windows. Printa ya dada ni moja, lakini kwenye orodha zilikuwepo mbili zenye jina lile lile, ya pili ikiwa imeongezewa "Copy 1" mwishoni. Hili ni jambo la kawaida mno. Ukiunganisha printa kwa waya wa USB, Windows inaisajili. Ukiiingiza baadaye kwenye Wi-Fi, Windows inaiona kama printa nyingine na kuisajili tena. Haijui kwamba ni mashine ile ile. Waya ukishachomolewa, ile ya kwanza inabaki kwenye orodha kama namba ya simu ya mtu aliyebadilisha laini.

Programu ya alama ilipangiwa printa siku ile waya ulipokuwa umechomekwa. Programu nyingi za zamani zinahifadhi jina la printa kwenye mipangilio yake na haziangalii tena. Kwa hiyo kila dada alipobofya kuchapa orodha ya alama, kazi ilikwenda kwa printa isiyokuwepo tena, ikapanga foleni na kusubiri.

Nilitaka aone kwa macho yake, kwa hiyo sikufuta chochote. Nilichukua waya wa USB, nikauchomeka. Printa ikatulia kidogo, kisha ikaanza: orodha ya alama za kidato cha pili, halafu tena orodha ya kidato cha pili, halafu tena. Kila alichokituma tangu mwanzo wa wiki kilikuwa bado kiko kwenye foleni. Dada alizipokea zile karatasi akizihesabu alama juu juu, akasema, "Kumbe zilikuwa zinanisubiri." Akazigeuza upande mweupe kuwa karatasi za kufanyia mazoezi.

Baada ya hapo ilikuwa ni usafi tu. Kufuta printa ya USB kwenye orodha, kubakiza ya Wi-Fi, kuingia kwenye mipangilio ya programu ya alama na kuichagua iliyobaki. Kuna mpangilio mmoja zaidi ninaoupendekeza kwa kila mwenye printa nyumbani. Tangu mwisho wa mwaka 2015 Windows ina uwezo wa kujichagulia printa ya msingi, yaani inaifuata ile uliyoitumia mara ya mwisho mahali ulipo. Kwenye orodha huwa kuna pia printa ya kuhifadhi PDF, ambayo si mashine, inageuza kazi kuwa faili tu. Ukiitumia leo, kesho hiyo ndiyo inakuwa ya msingi, na programu isiyouliza inachapa huko. Zima mpangilio huo, chagua printa yako mwenyewe, imalizike.

Na kama printa yako iko kwenye Wi-Fi tangu mwanzo, bila historia ya waya, bado unaweza kukutana na ukimya ule ule kwa sababu ya umeme. Rauta, yaani kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, hugawa anwani kwa kila kifaa kinachojiunga. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa vyote vinajiunga upya na kila kimoja kinaweza kupewa anwani nyingine. Jana printa ilikuwa na anwani inayoishia na 5, leo 9 au 12. Simu haisumbuki, kwa sababu kila mara inauliza upya mtandaoni kuna printa gani. Kompyuta iliyosajili printa kwa anwani ya jana inaendelea kutuma huko huko. Hapo mtu atakuambia, na ni kweli, simu inachapa, kompyuta haichapi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya rauta na kuitengea printa anwani moja ya kudumu. Karibu kila rauta ina sehemu hiyo, na ni kazi ya dakika chache. Angalia pia kwamba kompyuta na printa ziko kwenye Wi-Fi moja. Ukiiweka laptopu kwenye mtandao wa wageni, rauta nyingi huzuia vifaa vya huko kuonana na vya mtandao mkuu.

Kazi ikikwama kwenye foleni na kukataa kufutika, usiwashe na kuzima kompyuta ukitumaini. Foleni imehifadhiwa kwenye diski, inarudi. Fungua orodha ya huduma za Windows, simamisha ile inayoitwa Print Spooler, ingia kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS ufute vilivyomo, kisha uiwashe huduma tena. Foleni inakuwa nyeupe.

Tukabakiwa na PDF na viboksi vyake.

Hapa inabidi kujua kitu kuhusu printa za bei nafuu. Printa kubwa za ofisini zina akili yao ndani. Zinaelewa lugha za kurasa kama PostScript, iliyotolewa na Adobe mwaka 1984, kwa hiyo kompyuta inaeleza ukurasa na mashine inauchora. Printa nyingi za nyumbani hazina uwezo huo. Kompyuta ndiyo inayochora kila nukta kupitia draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kuongea na printa, nayo printa inamwaga wino tu. Kwa hiyo draiva isipoelewana na herufi fulani, kama zile za alama za hisabati, unapata viboksi au nafasi tupu, wakati kivinjari kikifungua PDF ile ile kinachora herufi chenyewe kabla ya kuikabidhi, na inatoka safi.

Njia ya haraka ni kuichapa PDF kama picha. Kwenye Adobe Reader bofya Advanced ndani ya dirisha la kuchapa, weka tiki kwenye "Print As Image". Inachukua muda zaidi kutoka, lakini kila alama inakuwa mahali pake. Tulijaribu ukurasa mmoja, ishara za kipeuo cha pili zikaonekana zote.

Hiyo ilitosha kujua kwamba tatizo ni draiva. Siku hizi ukiunganisha printa kwa Wi-Fi, Windows mara nyingi inaiwekea draiva ya jumla bila kukuuliza, inayofanya kazi na printa za kampuni yoyote zinazofuata utaratibu mmoja wa mtandao. Utaratibu huo ndio ulio nyuma ya AirPrint ya simu za Apple, iliyokuja mwaka 2010, na Mopria, umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wataelekea huko moja kwa moja na kupunguza hatua kwa hatua draiva za watengenezaji kupitia masasisho ya Windows. Mimi naiunga mkono draiva ya jumla kwa matumizi mengi ya nyumbani. Ni nyepesi, na haikuletei yale madirisha ya kukuuzia wino. Lakini kwa mwalimu wa hisabati, tulipakua draiva kamili kutoka tovuti ya mtengenezaji, maana laptopu haina tundu la ile CD iliyokuja kwenye boksi. Tukaiondoa printa, tukaisajili upya kwa draiva hiyo. Muhtasari ukatoka bila haja ya kuufanya picha.

Mwenye Mac au Linux, kazi hizi zote zinapitia mfumo unaoitwa CUPS. Kwenye Linux nyingi unaweza kuufungua kwa kivinjari chako kwa kuandika localhost:631. Unaona foleni na anwani ya printa sehemu moja, na maswali ya kujiuliza ni yale yale.

Kilichobaki hakijapona ni jambo dogo la programu ya alama. Inatuma sasa, na printa inapokea, lakini safu ya mwisho ya jedwali, ile ya wastani, inakatwa pembeni. Programu iliandikwa kwa ajili ya karatasi pana ya mashine za zamani, na haina mahali pa kubadilisha. Kwa hiyo dada anaichapa kwanza kwenda PDF, kwa ile printa ya kuhifadhi iliyokuja na Windows 10, kisha anaifungua PDF na kuchagua ienee kwenye karatasi. Jedwali linapungua kidogo, wastani unaonekana, na alama za mwanafunzi wa mwisho kwenye orodha zinasomeka bila miwani. Ameniambia amemwonyesha njia hiyo mwalimu wa taaluma, maana shule nzima walikuwa wanaiandika ile safu kwa kalamu.